Vijiwe vya Figo: Somo Kutoka Jikoni mwa Meli

 

Kama unaishi Garissa, Lodwar au Mombasa, huhitaji kuambiwa joto ni nini. Lakini je, umewahi kuutazama mkojo wako jioni, baada ya kushinda jikoni mchana kutwa? Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, na ni mchache, basi mazungumzo ya leo ni yako.

Vijiwe katika njia ya mkojo si ugonjwa wa jana. Mwaka 1901, mtaalamu aitwaye Grafton Elliot Smith aliona jiwe katika mabaki ya kijana wa miaka kama 16 aliyezikwa Misri maelfu ya miaka iliyopita. Wagiriki wa kale, katika kiapo cha madaktari kinachoitwa cha Hippocrates, walimkataza daktari kumpasua mwenye jiwe. Kazi hiyo iliachiwa mafundi wake. Kule London mwaka 1658, mwandishi Samuel Pepys alitolewa jiwe la kibofu kwa kisu bila dawa ya ganzi. Akapona, na siku hiyo akawa akiikumbuka kila mwaka kwa karamu. Unaweza kuwaza mwenyewe maumivu yalivyokuwa, hata mtu akubali kisu cha namna hiyo!

Basi watu waliujua uchungu. Ila ilichukua muda mrefu kujua kwamba joto nalo lina mkono wake. Waliotufundisha hilo ni watu waliofanya kazi juani na motoni. Mwaka 1945 madaktari wawili, Pierce na Bloom, waliandika kuhusu vijiwe miongoni mwa wanajeshi wa Marekani waliokaa jangwani. Miaka mingi baadaye, mwaka 2005, ripoti nyingine ilieleza habari za wanajeshi waliopelekwa Kuwait na Iraq: waliopata vijiwe walianza kuugua baada ya wastani wa siku 93 tu. Hiyo ni miezi mitatu.

Lakini habari inayonigusa zaidi ni ya mwaka 1969. Daktari Blacklock alichunguza mabaharia wa jeshi la Uingereza. Unadhani ni akina nani waliopata vijiwe kuliko wenzao? Ni wapishi, pamoja na wale wa chumba cha injini. Wapishi, mama! Watu wanaosimama mbele ya moto, wakilisha wengine na kujisahau wenyewe. Tena mwaka 1993 huko Italia, katika kiwanda cha vioo, wafanyakazi waliokaa karibu na tanuri walikuwa na vijiwe kwa asilimia 8.5, hali wenzao waliofanya kazi penye hewa ya kawaida walikuwa asilimia 2.4.

Sababu yake si ngumu. Kule Gongoni wanatengeneza chumvi kwa kuyaacha maji ya bahari yakaushwe na jua. Maji yakipungua, chumvi inaganda. Figo nazo hupitisha madini, kama vile kalisiamu, ndani ya mkojo. Ukitoka jasho jingi bila kunywa maji, mkojo unapungua na madini yanakaribiana hadi yanashikana. Kwa hiyo joto lenyewe halitengenezi jiwe. Kinacholeta shida ni maji yaliyotoka yasirudishwe.

Na kuyarudisha kunasaidia kweli. Mwaka 1996 madaktari wa Italia walieleza jinsi walivyowafuatilia kwa miaka mitano watu waliokuwa wamepata jiwe mara ya kwanza. Kati ya 99 walioambiwa wanywe maji mengi, 12 walipata jingine. Kati ya 100 ambao hawakuambiwa, walikuwa 27.

Kwa hivyo weka maji safi karibu na jiko, unywe kidogo kidogo hata kabla ya kiu, mpaka mkojo uwe mweupe au manjano hafifu. Mtoto wa shule mpe chupa yake ya maji, na umuulize jioni kama ameyamaliza. Punguza chumvi mezani. Maziwa usiyaache kwa kuogopa kalisiamu, kwani ile ya chakula haina kosa hapa. Uchunguzi wa mwaka 1993 uliona waliokula zaidi vyakula vyenye kalisiamu walipata vijiwe kwa uchache. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amuulize daktari kiasi cha maji kinachomfaa.

Mtoto aliye chini ya miezi sita ni tofauti. Huyo usimpe maji, hata jua liwe kali namna gani. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, nawe unywe.

Jiwe likishuka, maumivu hukata ubavuni au mgongoni na kuteremka hadi kinenani, mara nyingi pamoja na kichefuchefu au damu kwenye mkojo. Mtoto mdogo huenda akalia tu akishika tumbo. Nenda kituo cha afya upimwe. Maumivu hayo yakija na homa au kutetemeka, au mkojo ukikatika kabisa, au ukiwa mjamzito, nenda hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku.