Homare Sawa na Mpira wa Wanawake wa Japani

Ushindi wa Japani katika Kombe la Dunia la wanawake la mwaka wa 2011 aghalabu husimuliwa kana kwamba ni ajabu iliyotokea usiku mmoja mjini Frankfurt. Taifa lilikuwa katika msiba wa tetemeko na mawimbi ya bahari ya tarehe 11 Machi, wachezaji wadogo wa maumbo wakawashinda Wamarekani, watu wakafarijika. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yana upungufu, kwa kuwa huisahau miaka ishirini iliyotangulia, na sababu za ushindi zimo katika miaka hiyo. Njia nyepesi ya kuichungua ni kufuata habari za Homare Sawa, nahodha wa timu ile.

Sawa alizaliwa tarehe 6 Septemba 1978 mjini Fuchu, katika jimbo la Tokyo. Alianza kucheza utotoni miongoni mwa wavulana, akimfuata kaka yake. Wakati huo mpira wa wanawake nchini mwake ulikuwa mchanga: timu ya taifa ilicheza mechi zake za kwanza mwaka wa 1981, na ligi ya taifa ilianzishwa mwaka wa 1989. Mwaka wa 1991, hali ana umri wa miaka 12 tu, Sawa aliingia katika ligi hiyo na timu ya Yomiuri Beleza. Desemba 1993 aliichezea Japani kwa mara ya kwanza, akafunga mabao manne dhidi ya Ufilipino.

Ligi ile ilisimama juu ya fedha za makampuni, na msingi huo ulikuwa na hatari yake: kampuni ilipopata hasara, timu ya wanawake haikuchelewa kuonekana mzigo. Uchumi wa Japani ulipodhoofika katika miaka ya tisini, timu kadhaa zilivunjwa, mojawapo ikiwa ile ya kampuni ya Nikko, bingwa wa ligi wa mwaka wa 1998. Mwaka uliofuata timu ya taifa haikushinda mechi hata moja katika Kombe la Dunia, na kwa hiyo ikakosa nafasi katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka wa 2000.

Mwaka huo wa 1999 Sawa alikwenda Marekani. Ligi ya wanawake ya kulipwa ilipoanzishwa huko mwaka wa 2001, alijiunga na timu ya Atlanta Beat. Nayo ligi hiyo haikudumu: Septemba 2003, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, ilifungwa kwa kukosa fedha. Sawa akarudi Beleza. Aprili 2004, mjini Tokyo, mbele ya watazamaji zaidi ya 31,000, alicheza na goti lenye maumivu katika mechi ya kutafuta nafasi ya kwenda Olimpiki ya Athens. Japani iliishinda Korea ya Kaskazini kwa mabao 3 kwa 0. Baada ya hapo timu ilipewa jina la Nadeshiko, yaani ua ambalo Wajapani hulifananisha na mwanamke wa tabia njema. Mwaka wa 2009 Sawa alikwenda tena Marekani, kuichezea Washington Freedom katika ligi mpya. Nayo ikafa mwaka wa 2012.

Huenda mtu akadhani kwamba kazi iliyofanywa katika ligi hizo ilipotea pamoja nazo. Fainali ya tarehe 17 Julai 2011 yaonyesha vingine. Wamarekani walitangulia mara mbili, na mara mbili Japani ilisawazisha. Bao la kwanza lilifungwa na Aya Miyama, ambaye naye alikuwa amecheza Marekani. La pili lilikuja katika dakika ya 117: Miyama alipiga kona, na Sawa akaugusa mpira kwa ubavu wa nje wa mguu, ukaingia. Japani ikashinda kwa penalti, 3 kwa 1. Mabao yote mawili, basi, yalitoka kwa wanawake waliojifunza kuwakabili Wamarekani katika viwanja vya Wamarekani wenyewe. Fedha zilikuwa zimekwisha, lakini maarifa yalibaki miguuni mwa wachezaji. Sawa aliongoza kwa mabao matano katika mashindano hayo, na Januari 2012 alitajwa kuwa mchezaji bora wa kike wa dunia, wa kwanza kutoka Asia.

Hata hivyo, uvumilivu wa namna hii una hatari ya kusifiwa kupita kiasi, kwa maana sifa yaweza kuwa kisingizio cha kutolipa. Mwaka wa 2012, mabingwa hao wa dunia waliposafiri kwenda Olimpiki ya London, walipewa viti vya daraja la chini kuliko vile vya timu ya wanaume iliyokuwa katika ndege ile ile. Sawa alisema wazi kwamba mambo yangalifaa kuwa kinyume chake. Wakarudi na medali ya fedha.

Sawa aliacha mchezo Desemba 2015, baada ya mechi 205 za taifa na mabao 83. Katika mechi yake ya mwisho, fainali ya Kombe la Malkia, alifunga bao la pekee lililoipa INAC Kobe ushindi. Ligi ya wanawake ya kulipwa nchini Japani ilianza Septemba 2021, miaka kumi baada ya Frankfurt na miaka thelathini tangu msichana wa miaka 12 aingie uwanjani na Beleza. Kwa hiyo anayetaka kueleza ushindi wa mwaka wa 2011 hana budi kueleza pia kwa nini waliouleta walisubiriwa washinde kwanza ndipo mchezo wao uhesabiwe kuwa kazi.