Suti ya Pengwini: vazi la mipira lililowabebesha wanaanga uzito

Hebu simama kidogo. Usinyanyue kitu chochote, simama tu. Unaweza kudhani hufanyi kazi yoyote, lakini misuli ya mgongo, ya mapaja na ya nyuma ya miguu iko kazini sasa hivi. Ikilegea yote kwa pamoja, utaanguka chini kama gunia. Hili ni tizi la bure ambalo umekuwa ukilifanya tangu ulipojifunza kusimama, na kinachokufanyisha ni uzito wa mwili wako mwenyewe.

Sasa tujiulize: uzito huo ukiondolewa, mwili utafanya nini? Jibu lilipatikana kwa shida mwaka 1970, na ndilo lililoleta vazi la ajabu kidogo, ovaroli iliyoshonewa mipira ya kuvutika. Leo tufuate safari ya vazi hilo, kutoka anga za juu mpaka kwenye vyumba vya tiba ya watoto hapa duniani. Ukifika mwisho utaona kwamba habari hii inamgusa hata mzazi ambaye hana mpango wowote na roketi.

Wanaume wawili walioshindwa kusimama

Tarehe 1 Juni 1970 Wasovieti walirusha chombo cha Soyuz 9. Ndani yake walikuwemo Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov. Walikaa angani karibu siku 18, wakavunja rekodi ya siku 14 iliyowekwa na Wamarekani wa Gemini 7 mwaka 1965. Nikolayev hakuwa mgeni wa kazi hii. Alikwisharuka mwaka 1962, akakaa karibu siku 4 na kurudi salama.

Safari hii mambo yalikuwa mengine. Walipotua Kazakhstan tarehe 19 Juni, jamaa hawa walikuwa hoi. Ilibidi wasaidiwe kutoka kwenye chombo na kubebwa. Kusimama tu kulikuwa kazi, moyo unaenda mbio, miguu haina nguvu, na iliwachukua siku kadhaa kurudi katika hali yao. Sehemu ya lawama ilikuwa ya chombo chenyewe, kwa sababu kilikuwa kinazungushwa ili mabawa yake yaendelee kuelekea jua, na mzunguko huo uliwachosha. Lakini madaktari walijua chanzo kikubwa kiko kwingine. Kwa siku 18, miguu ya wanaanga hawa haikuwa imebeba kitu.

Huo ndio ubahili wa mwili. Misuli na mifupa ni ghali kuitunza, inakula chakula na nguvu. Mwili ukiona kiungo hakitumiki, unapunguza matumizi. Daktari Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Mzigo ukiongezeka, mfupa unaimarika, na mzigo ukipungua, mfupa unapungua. Angani, mfupa wa nyonga unaweza kupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya uzito wake wa madini kwa mwezi. Hapa duniani, mama aliyekoma hedhi hupoteza kiasi cha namna hiyo kwa mwaka mzima.

Na Wasovieti walikuwa na haraka. Walikuwa wanajiandaa kurusha Salyut 1, kituo cha kwanza cha anga duniani, ambako watu wangekaa kwa wiki nyingi. Kama siku 18 tu zinamfanya mtu ashindwe kusimama, miezi mingi ingekuwaje?

Kwa nini wasipeleke vyuma?

Utasema, si wangewapa vyuma wakapiga tizi kama watu wa gym? Hapo ndipo fizikia inapoingia. Chuma cha kilo 20 kinakuchosha duniani kwa sababu dunia inakivuta kwenda chini na wewe unakipandisha. Ndani ya chombo kinachoizunguka dunia, wewe, chuma na chombo chenyewe mnaanguka pamoja, kwa hiyo chuma kinaelea. Kukianzisha mwendo au kukisimamisha bado kunahitaji nguvu, lakini ukikishikilia hakikubebeshi chochote.

Mpira haujali mambo hayo. Kama uliwahi kutengeneza manati utotoni, unajua kwamba ukivuta mpira nao unakuvuta, na ukizidi kuvuta nao unazidi. Robert Hooke aliieleza tabia hiyo ya vitu vya kuvutika mwaka 1678. Nguvu ya mpira inatokana na ule mvuto ulioutia wewe, haitokani na dunia. Manati ingefanya kazi Dar es Salaam, mwezini, na hata ndani ya Salyut.

Wamarekani nao walikwishaliona hilo. Wanaanga wa Gemini walipewa kamba ya mpira yenye kishikio cha mkono upande mmoja na cha mguu upande mwingine. Tatizo la kifaa kama hicho ni kwamba unakitumia dakika kadhaa, kisha unakiweka pembeni. Uzito wa dunia haukupi mapumziko ya namna hiyo. Uko nawe ukila, ukiandika, ukipiga soga.

Hapo wataalamu wa Kisovieti wakapata wazo lao: kwa nini mwanaanga asiuvae huo mzigo?

Manati ndani ya ovaroli

Vazi hilo lilitengenezwa na kiwanda cha Zvezda, karibu na Moscow, kiwanda kilekile kilichoshona suti ya angani ya Yuri Gagarin. Likaitwa Pingvin, yaani pengwini. Kwa nje ni ovaroli ya kawaida tu. Siri iko ndani. Kuna mkanda mpana kiunoni, mipira inayotoka mabegani mpaka kwenye mkanda, na mingine inayotoka kwenye mkanda mpaka miguuni. Mkanda unagawa suti sehemu mbili, kwa hiyo mvaaji anaweza kukaza ya juu na kulegeza ya chini, au kinyume chake.

Ukishaikaza, mipira inavuta mabega kwenda kiunoni na nyayo kwenda kiunoni. Kwa maneno mengine, suti inataka kukukunja kama mtoto aliye tumboni. Ili ukae wima ni lazima misuli ya mgongo, ya mapaja na ya nyuma ya miguu ifanye kazi. Ni misuli ileile niliyokutajia mwanzoni uliposimama, na ndiyo inayodhoofika haraka angani.

Suti ilianza kutumika mwaka 1971 kwenye Salyut 1, pamoja na mashine ya kukimbilia. Walioivaa ni Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev, waliokaa angani siku 23. Hatukupata kujua miguu yao ingekuwaje baada ya kutua. Tarehe 30 Juni 1971, wakiwa njiani kurudi, vali ya chombo chao ilifunguka kabla ya wakati, hewa ikatoka, na wote watatu wakafariki. Ajali hiyo haikuhusiana kabisa na suti, lakini swali la madaktari likabaki bila jibu.

Jibu lilikuja polepole, kituo baada ya kituo. Suti ya Pengwini ikawa vazi la kazi, mtu anaivaa saa nyingi za mchana huku akiendelea na shughuli zake. Juu yake yakaongezwa mazoezi ya takribani saa 2 kwa siku. Mwaka 1995 daktari Valeri Polyakov alirudi kutoka kituo cha Mir baada ya siku 437. Alipotolewa kwenye chombo, alitembea hatua chache mwenyewe mpaka kwenye kiti. Linganisha na wale wa siku 18.

Je, ni suti iliyofanya hivyo?

Hapa tuwe makini. Polyakov alivaa suti, alikimbia kwenye mashine na alifanya mazoezi mengine chungu nzima. Ukitumia dawa tano kwa pamoja ukapona, huwezi kusema ni ipi iliyokuponya.

Kwa hiyo wanasayansi huwalaza watu wenye afya kitandani kwa wiki au miezi, maana kulala mfululizo kunaiondolea miguu mzigo karibu kama angani. Mwaka 1999 watafiti wa Japani, Urusi na Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la namna hiyo. Kundi moja lililala tu. Kundi lingine lililala likiwa limevaa suti ya Pengwini saa 10 kwa siku, mipira ikiwa imekazwa kwenye mguu, na likafanya mazoezi ya mguu ndani ya saa hizo. Baada ya miezi 2, vipande vidogo vya msuli wa nyuma ya mguu vilionyesha tofauti. Nyuzi za msuli za waliolala tu zilikuwa zimesinyaa, na za waliovaa suti zilibaki karibu na ukubwa wake. Kwa msuli huo, basi, mzigo wa mpira ulifanya kazi.

Mfupa ni mgumu zaidi kuuridhisha, unataka mzigo mkubwa. Mwaka 2000 Kituo cha Kimataifa cha Anga kilipata mashine ya Wamarekani ya kunyanyulia, nayo ilitumia mpira na uwezo wake ulikuwa kama kilo 136. Mifupa ikaendelea kupungua. Mwaka 2008 ikaletwa nyingine inayotumia mitungi ya ombwe badala ya mpira, yenye uwezo wa kufika kilo 272. Hapo ndipo wanaanga waliofanya mazoezi na kula vizuri walipoanza kurudi na mifupa iliyohifadhika zaidi. Vazi peke yake halitoshi.

Kulikuwa na tatizo lingine, la kibinadamu kabisa: suti inakera. Mipira inabana mabega, inavuta nyayo, joto linapanda. Baadhi ya wanaanga waliishia kuilegeza. Na suti iliyolegezwa ni ovaroli tu.

Ndiyo maana watafiti wa MIT nchini Marekani, na baadaye wenzao wa London na wa Shirika la Anga la Ulaya, walirudi kwenye swali la msingi: uzito unaukaliaje mwili? Shingo yako imebeba kichwa tu. Kiuno kimebeba kichwa, mikono na kifua. Kifundo cha mguu kimebeba karibu mwili wote. Mzigo unaongezeka kidogo kidogo kutoka juu kwenda chini, lakini suti ya Pengwini inauongeza kwa vipande, mabegani, kiunoni na miguuni. Wakabuni suti ya kubana iliyofumwa ili mvuto uongezeke hatua kwa hatua. Andreas Mogensen wa Denmark aliijaribu angani Septemba 2015. Nayo inatoa sehemu tu ya uzito wa mwili, na lengo lake mojawapo ni kuzuia uti wa mgongo usirefuke kupita kiasi na kuleta maumivu.

Suti inarudi duniani

Sasa tumefika kwa yule mzazi. Miaka ya 1990 mwanzoni, madaktari wa Urusi wakiongozwa na Profesa Ksenia Semenova waliibadilisha suti ya Pengwini kwa ajili ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Hawa ni watoto ambao ubongo wao uliumia ukiwa bado unakua, na sasa unashindwa kuiongoza misuli vizuri. Wazo lilikuwa la busara: mipira imvute mtoto akae wima, na kule kuvutwa kuupe ubongo taarifa zaidi kuhusu mwili ulivyokaa. Ikaitwa Adeli, na mavazi mengine ya namna hiyo yakafuata nchi nyingine. Tiba hizi si za bei rahisi, na zinasifika kwa maneno matamu sana: vazi la wanaanga.

Je, zinasaidia? Mwaka 2006 watafiti wa Israeli walichapisha jaribio la watoto 24. Nusu walitibiwa kwa suti na nusu kwa tiba ya kawaida ya viungo, kwa wiki 4. Makundi yote mawili yalipata nafuu kidogo, na katika uwezo wa kukaa, kusimama na kutembea suti haikuonyesha kuishinda tiba ya kawaida. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliuliza kwa ujanja zaidi. Watoto 20 walipewa mazoezi yaleyale mazito kwa wiki 3. Wengine walivaa suti ya mipira, wengine vazi la kulinganishia lisilo na mvuto huo. Mwishoni hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi.

Majaribio haya ni madogo, hayafungi mjadala. Lakini yanaelekeza upande mmoja. Dalili ni kwamba faida kubwa ilitoka kwenye saa nyingi za mazoezi, na mchango wa mipira yenyewe ulikuwa mdogo au haukuonekana. Na ukitafakari, haishangazi. Mwanaanga ana ubongo mzima na amekosa mzigo. Mtoto huyu mzigo anao tayari, anaishi duniani kama sisi. Kinachomsumbua ni kuuongoza mwili.

Kwa hiyo siku mtu akikuambia kifaa fulani ni kizuri kwa sababu kimetoka kwa wanaanga, muulize maswali mawili. Kilitengenezwa kutatua tatizo gani, na ndilo tatizo langu? Kimelinganishwa na nini? Kama ni mzazi mwenye fedha za kubana, zungumza kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia juu ya mazoezi ambayo mtoto anaweza kuyafanya kila wiki, hata nyumbani, kabla hujauza kitu ili ununue suti.

Na wewe uliyesimama mwanzoni mwa makala, unaweza kukaa sasa. Ila usikae kutwa nzima.