Chozi, ndege wa bustanini anayepigana na kioo

WAKAZI wa Njombe na Makambako wenye bustani za maua wanamfahamu ndege mdogo, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama mundu, anayening'inia kwenye maua ya mishubiri na migomba tangu jua linapochomoza. Ndege huyo ni chozi, jina ambalo Kiswahili huwapa ndege wote wa familia ya Nectariniidae, yenye spishi zaidi ya 140 barani Afrika, Asia na Australia.

Anayevutia zaidi katika nyanda hizo za juu ni yule ambaye wataalamu humwita Nectarinia famosa. Wakati wa kuzaa, dume huwa wa kijani kinachong'aa kama madini, mwenye manyoya mawili marefu katikati ya mkia, na urefu wake wote hufikia sentimita 25. Jike ni wa rangi ya udongo na hana mkia huo, hivyo wengi humdhania kuwa ndege mwingine kabisa.

Chakula chake kikuu ni mbochi, yaani maji matamu ya maua, ambayo huyafyonza kwa ulimi mrefu ulio kama mrija. Aghalabu hutua kwanza ndipo anywe, na chavua inayomganda usoni huipeleka ua la pili. Hata hivyo, si mwaminifu kila siku. Ua likiwa refu kupita mdomo wake, hulitoboa kwenye shina na kunywa pasipo kulilipa chochote.

Dume ni mgomvi wa kupindukia. Hulinda maua aliyoyachagua na kuwafukuza chozi wengine, na akiiona sura yake katika kioo cha gari au dirisha, hukigonga akidhani ni mpinzani. Dawa yake ni rahisi: kukifunika kioo hicho kwa mfuko au kitambaa.

Baridi kali ya Njombe ya Juni na Julai ameizoea. Uchunguzi umeonyesha kuwa ndege huyu huweza kushusha joto la mwili wakati wa usiku ili asimalize akiba yake ya nguvu kabla ya mapambazuko.

Chozi hula pia buibui na wadudu, na makinda hulishwa hao zaidi. Hapa ndipo penye hatari, kwa kuwa anayepulizia sumu kila mdudu wa bustani huwanyima makinda chakula, mbali na manati za watoto. Nje ya miji, mashamba ya miti ya kupandwa, kama misonobari, mikaratusi na miwati, yamechukua sehemu ya mbuga za nyasi zilizokuwa na maua ya asili. Mbuga za namna hiyo zimehifadhiwa Kitulo, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005.

Kiota hujengwa na jike kwa nyasi zilizofungwa kwa utando wa buibui, kikiwa kama mfuko unaoning'inia wenye mlango ubavuni. Kwa kawaida hutaga mayai mawili na kuyaatamia peke yake kwa muda wa wiki mbili hivi. Makinda huhitaji wiki mbili hadi tatu nyingine kabla ya kuruka, na mwenye nyumba anayetaka kupogoa tawi lenye kiota hicho hana budi kusubiri kipindi hicho kipite.