Nani anabonyeza swichi? Historia fupi ya umeme, gemu na mkono wenye kiharusi

Shangazi yangu wa Kitui alisuka vyondo hadi kiharusi kilipomshika mkono wa kulia. Tangu hapo jamaa huniuliza, eti kwa kuwa mimi ni mtu wa kompyuta, kama kweli kuna mashine za umeme na gemu zinazorudisha mkono. Zipo, ndugu wasomaji, ila historia yake inahitaji kusimuliwa polepole.

Kwamba umeme hukunja msuli, Luigi Galvani wa Italia alishalichapisha mwaka 1791 baada ya kuchezea miguu ya vyura. Kazi ngumu ni kujua umeme uje lini, na kwa amri ya nani. Mwaka 1961 Wladimir Liberson na wenzake huko Marekani walieleza kifaa cha wagonjwa wanaoburura mguu. Swichi ilikaa chini ya kisigino ndani ya kiatu. Mgonjwa akiinua kisigino, umeme unaamsha neva na unyayo unainuka. Kwangu mimi mwandika programu, hiyo ni kazi safi kabisa! Mgonjwa anabonyeza swichi kwa kutembea tu.

Mkono hauna hatua za kurudiarudia kama mguu. Huko Cleveland, Jayme Knutson na wenzake walimvisha mgonjwa glavu yenye vihisio kwenye mkono mzima. Akiufungua, mashine inapeleka umeme kwenye ule dhaifu, nao unafunguka vilevile. Katika jaribio lao la watu 80, lililochapishwa 2016, walilinganisha glavu hiyo na mashine inayojiwasha na kujizima yenyewe. Miezi 6 baada ya tiba, kipimo cha kuhamisha vibao kwa dakika moja kilionyesha nyongeza ya vibao 4.6 kwa wenye glavu, na 1.8 kwa wengine. Tofauti si kubwa, lakini kumbuka pande zote mbili zilipata umeme. Baadaye wakaongeza gemu zinazochezwa kwa kufungua na kufunga mkono.

Na gemu peke yake? Wii ya Nintendo ilipotoka 2006, wataalamu wa tiba waliichangamkia. Gustavo Saposnik wa Toronto na wenzake wakaijaribu kwa wagonjwa 141, wote wakiendelea na tiba ya kawaida. Majibu ya 2016: Wii haikuwashinda waliocheza karata, bingo au mpira. Nilicheka sana. Basi mtu wa Mutomo au Kibwezi, ambaye nauli ya kila wiki hadi Kitui mjini au Wote ni mzigo, asijione ameachwa nyuma kwa kukosa Wii. Drafti ya vifuniko vya soda ipo.

Lakini mkono usiofunguka kabisa haushiki karata wala kifuniko. Hapo ndipo umeme una kazi. Skrini tunayo kwenye simu, na glavu ya vihisio naweza kujaribu kuiunda mwenyewe. Kichocheo chenyewe sikigusi bila mtaalamu wa fiziotherapia, maana mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo anaweza kudhurika.