Tarehe ya Watu wa Ma

Mtu wa kwanza katika tarehe ya jina la Ma alikuwa mtoza kodi. Aliitwa Zhao She, akatumikia dola ya Zhao kaskazini mwa China katika karne ya tatu KK, zama ambazo nchi ile ilikuwa imegawanyika katika falme 7 zisizochoka kupigana. Nyumba ya Bwana wa Pingyuan, ndugu wa mfalme, ilikataa kulipa kodi. Zhao She akawakamata wasimamizi 9 wa nyumba hiyo na kuwaua kwa mujibu wa sheria. Pingyuan alipotaka kulipiza kisasi, mtoza kodi alimjibu kwamba wakubwa wakiikwepa sheria, sheria hulegea. Sheria ikilegea, majirani huivamia dola. Na dola ikivamiwa, hayo mali ya Pingyuan yatakaa wapi? Pingyuan alitulia, akamsifu kwa mfalme, na Zhao She akakabidhiwa hazina ya dola nzima.

Karibu na mwaka 270 KK jeshi la dola ya Qin liliizingira Yuyu, mji uliokuwa milimani. Majemadari wazoefu walimwambia mfalme kwamba njia ni ndefu na nyembamba, haifai kujaribu. Zhao She peke yake alikubali kwenda. Alitoka Handan, mji mkuu, akatembea kitambo kidogo tu, kisha akapiga kambi na kukaa siku 28 akijenga ngome kama mwoga. Jasusi wa Qin alipoingia kambini, alilishwa vizuri na kuachwa arudi kusimulia alichokiona. Alipoondoka tu, Zhao She akaliongoza jeshi lake kwa siku mbili na usiku mmoja, akauwahi mlima uliokuwa juu ya Yuyu, na Qin wakashindwa. Zawadi yake ilikuwa cheo cha Bwana wa Mafu. Cheo hicho ndicho kilichozaa jina: kizazi chake kiliacha jina la Zhao, kikajiita Mafu, kisha kikabakiza silabi ya kwanza, Ma, ambayo huandikwa kwa herufi ya farasi.

Hapo vitabu vingi vya nasaba hukimbilia vizazi vya mbele. Naona vinafanya haraka, kwa kuwa jina hili lilikaribia kufa katika kizazi cha pili. Mtoto wa Zhao She, Zhao Kuo, alisoma vitabu vyote vya vita na kuvijadili kwa ufasaha, lakini baba yake hakumwamini hata siku moja. Baba alipokwisha kufa, mfalme aliamua kumpa kijana jeshi lote la Zhao lililokuwa likikabiliana na Qin huko Changping. Aliyejitokeza kupinga ni mama mzazi. Alimwandikia mfalme kwamba mumewe alipopewa zawadi aliwagawia askari wake, ila mwanawe akipewa dhahabu huiweka nyumbani na kutafuta mashamba na nyumba za kununua. Mfalme hakusikia. Basi mama akaomba jambo moja: kijana akishindwa, ukoo usiadhibiwe kwa kosa lake. Mfalme akakubali.

Mwaka 260 KK Zhao Kuo alizingirwa na jemadari Bai Qi wa Qin, akauawa kwa mishale, na jeshi lake likasalimu amri. Mwanahistoria Sima Qian anaandika kwamba waliopotea walipita 400,000. Hata ukiipunguza hesabu hiyo mara kadhaa, Zhao haikuinuka tena. Katika zama hizo kosa la jemadari lilikuwa kosa la nyumba yake yote, lakini mfalme alitimiza ahadi, na nyumba ya Mafu ikasalimika. Sima Qian hakuliandika jina la mama huyo. Kwangu mimi, yeye ndiye mwanzilishi wa ukoo kuliko mumewe. Cheo kilipatikana kwa upanga, na waliokirithi waliokolewa kwa barua.

Chini ya Kaizari Wu wa nasaba ya Han, aliyetawala kuanzia mwaka 141 hadi 87 KK, watu wa Ma waliokuwa maofisa wakubwa walihamishwa kutoka Handan hadi Maoling, katika wilaya ya Fufeng, magharibi ya mji unaoitwa leo Xi'an. Kaizari alikuwa akijijengea kaburi huko na akataka lizungukwe na familia zenye nguvu. Hadi leo nyumba za ukoo wa Ma, hata zile za kusini na za ng'ambo, huandika Fufeng juu ya mlango.

Ugenini huko ndiko balaa la pili lilikowakuta. Mwaka 88 KK mmoja wao, Ma Heluo, alipanga kumuua Kaizari Wu akakamatwa. Ndugu yake Ma Tong naye aliuawa. Kitukuu cha Ma Tong ni Ma Yuan, aliyezaliwa mwaka 14 KK, jemadari ambaye kila mwenye nasaba ya Fufeng humtaja kwanza. Alimsaidia Kaizari Guangwu kuirejesha dola ya Han, na mwaka 43 BK akauzima uasi wa akina dada wa Trưng katika nchi ya Vietnam ya leo. Wavietnamu huwaheshimu dada hao kama mashujaa wa taifa, na upande wa pili wa mpaka, katika jimbo la Guangxi, Ma Yuan ana mahekalu yake. Alifia vitani mwaka 49, mzee wa miaka 60 na ushee. Hakupoa, wachongezi wakamfikia Kaizari: ile shehena ya mbegu za dawa aliyorudi nayo kutoka kusini, wakadai ilikuwa lulu. Alivuliwa cheo, na mkewe akaogopa hata kumzika katika makaburi ya ukoo.

Kwa mara nyingine mwanamke ndiye aliyeliinua jina. Binti mdogo wa Ma Yuan aliingia ikulu akiwa na miaka 13, na mwaka 60 akawa Malkia wa Kaizari Ming. Alisoma sana, akavaa nguo za kitambaa kisicho na thamani kubwa, akaandika kumbukumbu za maisha ya mumewe, na mara kwa mara akakataa ndugu zake wasipewe vyeo vya kurithi kwa sababu tu ya yeye kuwa ikulu. Lakini alifanya pia jambo ambalo siwezi kumsifia. Katika Hanshu, kitabu cha historia ya Han, yule mwasi Ma Heluo ameandikwa Mang Heluo, na mfafanuzi wa zamani wa kitabu hicho anaeleza kwamba Malkia alichukizwa kuwa na mwasi miongoni mwa wahenga wake, akalibadilisha jina lake. Ndivyo nasaba zinavyotengenezwa. Wanaotajwa wamechaguliwa, na wapo waliofutwa.

Baada ya hapo jina lilisambaa. Ma Rong, aliyefariki mwaka 166, alikuwa mwalimu mkubwa wa vitabu vya Confucius. Karne ya kumi Ma Yin alijenga ufalme wa Chu huko Hunan na kujinasibisha na Ma Yuan, kama walivyofanya wengi waliopanda kutoka chini. Zama za nasaba ya Song zilipofika, Ma lilikuwa la 52 katika orodha ya majina iliyokaririshwa watoto shuleni.

Kisha likapata mizizi mingine kabisa. Ma Zuchang, mshairi na ofisa wa enzi ya Wamongolia aliyezaliwa mwaka 1279, alitoka kwa Waonggut, watu wa kaskazini waliokuwa Wakristo wa kanisa la mashariki. Mhenga wake alikuwa ofisa wa jeshi ambaye cheo chake kilikuwa na herufi ya farasi, na kizazi chake kikaifanya jina. Hakuna hata tone la damu ya Zhao She hapo.

Mzizi mnene zaidi ni wa Waislamu. Wamongolia walileta China maelfu ya watu kutoka Asia ya Kati na Uajemi, akiwemo Sayyid Ajall Shams al-Din Omar wa Bukhara, aliyetawala Yunnan kuanzia 1274 hadi kifo chake mwaka 1279. Jina la Mtume Muhammad lilipoandikwa Kichina enzi hizo, mara nyingi lilianza na herufi ya Ma. Wajukuu wa Waislamu hao walipochukua majina ya Kichina, wengi waliishika herufi hiyo, hata Wachina wakawa na msemo kwamba katika Waislamu kumi, tisa ni Ma. Desturi ya Wachina ilikataza wenye jina moja kuoana, lakini Waislamu wa Ma huoana bila tatizo, maana hawajioni ukoo mmoja. Wametoka humo Ma Mingxin, aliyesoma Yemen na kuanzisha tarika ya Jahriyya huko Gansu kabla ya kuuawa mwaka 1781, na Ma Dexin wa Yunnan, aliyekwenda hija katika miaka ya 1840 na kuanza kuitafsiri Qur'ani kwa Kichina.

Katika Waislamu hao, mmoja anatuhusu sisi wa pwani. Huko Kunyang, Yunnan, kuna jiwe la kaburi lililoandikwa mwaka 1405 kwa heshima ya mtu aliyeitwa Haji, wa jina la Ma, aliyefariki mwaka 1382. Baba yake pia aliitwa Haji. Majeshi ya nasaba ya Ming yalipoiteka Yunnan, mtoto wake mdogo, Ma He, alichukuliwa mateka, akafanywa towashi na kupelekwa kumtumikia mwana wa Kaizari. Bwana wake alipokuwa Kaizari Yongle, mwaka 1404 akampa jina jipya, Zheng. Huyo ndiye Zheng He, jemadari wa safari 7 za baharini kati ya 1405 na 1433, ambaye merikebu zake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Mkalimani wake mmoja, mwandishi wa kitabu mashuhuri kuhusu nchi zilizotembelewa, naye alikuwa Mwislamu wa jina hilohilo, Ma Huan. Zheng He hakuzaa. Alimlea mtoto wa kaka yake, na uzao huo ukawa wa Zheng.

Kwa hiyo vitabu vinavyomfanya kila Ma kuwa mjukuu wa Zhao She havistahili kuaminiwa. Nasaba ya Fufeng ni ya watu wa Fufeng. Nanyi walimu mnaofundisha habari za twiga aliyetoka Malindi na kufika China mwaka 1415, waambieni wanafunzi kwamba jemadari wa merikebu za China zilizofika Malindi alizaliwa Ma, mtoto wa Haji na mjukuu wa Haji.