Kwa nini Nyerere aliomba askari wa Uingereza mwaka 1964?

Kila Septemba 1 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) huadhimisha kuzaliwa kwake. Si wasikilizaji wote wanaojua kwamba jeshi hilo liliundwa baada ya serikali yetu kulazimika kuomba msaada wa askari wa nchi iliyokuwa imetutawala.

Nini kilitokea?

Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo. Walitaka nyongeza ya mishahara, na nafasi za maofisa wa Kiingereza zishikwe na Waafrika. Kesho yake wenzao wa Tabora nao wakaasi. Jijini maduka yaliporwa na watu wakauawa.

Rais Julius Nyerere na Makamu wake, Rashidi Kawawa, walifichwa. Aliyekwenda kuzungumza na waasi ni Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, mzaliwa wa Kwambe karibu na Mbamba Bay, hapa hapa mwambao wa Ziwa Nyasa. Aliwatuliza, lakini silaha zilibaki mikononi mwao.

Msimamo wa Nyerere

Uhuru ulikuwa na miaka miwili tu, na serikali haikuwa na jeshi jingine. Asipoomba msaada, serikali iliyochaguliwa na wananchi ingeamriwa na wenye bunduki. Akiomba, watu wangesema uhuru wenyewe ni wa bendera tu. Nyerere aliomba.

Januari 25 makomando wa Uingereza walishuka kwa helikopta kutoka manowari Centaur. Colito ikasalimu amri asubuhi hiyo hiyo.

Nyerere hakujisifu kwa hilo. Alisema wazi kuwa ni aibu kwa taifa, na hakutaka Waingereza wakae. Februari mawaziri wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walikutana Dar es Salaam kwa ombi lake. Nigeria ikatuma kikosi, na Waingereza wakaondoka.

Jeshi jipya

Jeshi la zamani lilivunjwa. Vijana wa TANU wakaandikishwa, na Septemba 1, 1964 JWTZ ikazaliwa.

Je, msaada ule ulimfunga mdomo Nyerere? Hapana. Desemba 1965 alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ilishindwa kuwadhibiti walowezi wa Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe.

Kwa hiyo msikilizaji, ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba askari wa nje wameingia nchi fulani, jiulize maswali matatu. Nani amewaita? Wataondoka lini? Na wakiondoka, nani atalinda wananchi? Mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa na jibu la yote matatu kabla mwaka haujaisha.