Kusitisha, Kuahirisha na Kubatilisha: Maneno Matatu katika Historia ya Hagadera

Kiswahili kina vitenzi kadha vielezavyo kukatizwa kwa shughuli, navyo aghalabu hutumiwa kana kwamba maana yake ni moja. Historia ya Hagadera, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 karibu na Dadaab, yaonyesha kuwa tofauti zake si ndogo.

Ahirisha limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuweka nyuma, na mzizi huohuo ndio uliotupa ahera. Kinachoahirishwa, basi, hakijafa, kingali njiani. (Ajabu ni kwamba alichokiweka nyuma Mwarabu, Mswahili husema kimesogezwa mbele.) Sitisha ni la Kibantu, kutokana na sita, yaani kusimama kwa kusitasita. Neno hili halisemi lolote juu ya kurejea: wanaositisha mapigano hutumaini yamekwisha, ilhali malipo yaliyositishwa hutazamiwa kuendelea. Ndiyo sababu huhitaji nyongeza ya “kwa muda”, na pasipo nyongeza hiyo msikilizaji huachwa gizani. Uandikishaji wa wakimbizi wapya huko Dadaab uliposimamishwa Oktoba 2011, kufuatia kutekwa nyara kwa wafanyakazi wawili wa misaada, kilichokosekana ni hicho hasa: kikomo.

Mei 2016 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba kambi za Dadaab zingefungwa kabla ya mwaka kwisha. Tarehe 16 Novemba Waziri Joseph Nkaissery akaongeza miezi sita. Huku kulikuwa kuahirisha kwa maana yake kamili. Wako waliopumua, lakini kitendo chenyewe kilibaki kama kilivyokuwa, ila tarehe imebadilika. Kwa mzazi wa Hagadera aliyekuwa akijiuliza kama mwanawe atamaliza darasa, kuahirishwa kulikuwa ni kuhesabiwa siku upya.

Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alitamka kwamba uamuzi wa kufunga ulikwenda kinyume cha Katiba, na hivyo ni batili. Hapo lilitumika neno la jamii nyingine kabisa. Kilichobatilishwa hakingojewi; huhesabiwa kuwa hakikupata kuwapo kisheria.

Hata hivyo mambo yalirudia. Machi 2021 Serikali ililipa Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi siku 14 lilete mpango wa kufunga kambi. Aprili, Mahakama Kuu ilitoa amri ya kusitisha kwa siku 30, na safari hii kikomo kilitajwa. Baadaye ikawekwa tarehe 30 Juni 2022, nayo ikapita kambi zikiwa wazi.

Wasomali, ambao ndio wengi wa wakazi wa Hagadera, kuahirisha huita dib u dhig, yaani kuweka nyuma, sawa na Mwarabu. Kusimamisha huita joojin. Kwao pia, hayo ni maneno mawili.